Malengelenge ya Mdomoni na Njia za Mababu: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulichapisha maelezo mafupi yaliyosema kwamba wanasayansi wanaweza kufuatilia njia walizopita binadamu wa kale kwa kusoma vinasaba vya virusi ambavyo watu wa leo wanavibeba miilini mwao. Maelezo hayo yalikuwa ya aya tatu tu, na barua zilizoletwa baada yake zimeyazidi urefu mara nyingi. Wako wasomaji waliostaajabu, wako waliotia shaka, na mmoja ametushutumu kwa upole kwamba tuliandika jambo lenye ubishi kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Shutuma hiyo ni ya haki, na sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inaigusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mifupa huachwa ardhini, na chungu kikivunjika vigae vyake hubaki. Kirusi hakionekani kwa macho wala hakiachi kitu nyuma yake. Kitatuonyeshaje mahali alipopita mtu aliyeishi miaka elfu kumi iliyopita?

JIBU: Ni kweli kwamba kirusi hakiachi alama ardhini, lakini kinaacha alama katika uzao wake, na uzao huo tunao hadi leo. Tuchukue mfano wa utenzi ulionakiliwa kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, kabla ya kuwapo mashine za kuchapa. Mnakili wa kwanza anakosea neno moja katika ubeti wa arubaini. Wanafunzi wake wote wanaonakili kutoka kwake wanalirithi kosa hilo, na mmoja wao anaongeza la kwake katika ubeti wa tisini. Baada ya karne kadhaa msomi akizipanga nakala zote mezani, ataona kwamba zenye kosa la ubeti wa arubaini zina chimbuko moja, na kwamba zile zenye makosa yote mawili ni tawi dogo ndani ya tawi hilo. Hahitaji kuambiwa nani alinakili kwa nani, kwa sababu makosa yenyewe yanamweleza.

Vinasaba vya kirusi ni maandishi ya namna hiyo, na kila kirusi kinapojinakili ndani ya seli, mara chache herufi moja hukosewa na kosa hilo hupita kwa vizazi vifuatavyo. Watu wakigawanyika, kundi moja likabaki na jingine likaenda mbali, virusi vyao navyo hugawanyika, na kuanzia hapo kila upande hujikusanyia makosa yake. Ukisoma virusi vya wazao wa makundi hayo mawili unaweza kuchora mti wa nasaba ya virusi, kisha ukauweka kando ya mti wa nasaba ya watu na kutazama kama matawi yanalingana.

Hata hivyo si kila kirusi kinafaa kwa kazi hiyo. Kinachofaa ni kile kinachoingia mwilini mapema, kikakaa humo maisha yote bila kumuua mwenyeji wake, kikapita zaidi kutoka kwa mzazi au mlezi kwenda kwa mtoto kuliko kutoka kwa mgeni kwenda kwa mgeni, na kikabadilika polepole kiasi kwamba alama za kale hazijafutwa na alama mpya. Kirusi cha namna hiyo husafiri na familia kama mzigo ambao hakuna anayejua kwamba ameubeba.

SWALI: Mlitaja kirusi cha malengelenge ya mdomoni. Mimi nayapata kila ninapougua homa, na nilidhani ni jambo dogo la ngozi. Kimechaguliwa kwa sababu gani?

JIBU: Kimechaguliwa kwa sababu kinatimiza masharti tuliyoyataja hapo juu, na kwa sababu karibu kila mahali kipo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kwamba, kwa makadirio ya mwaka 2012, watu wapatao bilioni 3.7 wenye umri wa chini ya miaka 50 walikuwa nacho. Wengi hukipata utotoni kwa mate ya mtu mzima anayewabusu. Kikishaingia hupanda kwenye mshipa wa fahamu wa uso hadi kwenye fundo la mshipa huo ndani ya fuvu, na hapo hulala. Homa, jua kali au uchovu ukikiamsha, hushuka kwa mshipa uleule hadi mdomoni, na ndiyo maana malengelenge yako hutokea karibu na mahali palepale. Wako wengi wanaokibeba maisha yao yote bila kutokewa na lengelenge hata moja.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison nchini Marekani, Aaron Kolb, Cécile Ané na Curtis Brandt, walilinganisha jenomu nzima, yaani maandishi yote ya vinasaba, za aina 31 za kirusi hiki zilizokusanywa Amerika Kaskazini, Ulaya, Asia na Afrika. Jenomu yake ina herufi zipatazo 152,000, na huo ni utajiri wa maandishi, kwa maana tafiti nyingi za awali zilikuwa zikisoma jeni moja au mbili tu. Aina hizo 31 zilijigawa katika koo sita. Ukoo mmoja ulikuwa wa virusi vya Ulaya na Amerika Kaskazini, mwingine wa Asia ya Mashariki, na nne zilizobaki zote zilikuwa za Afrika.

Hesabu hiyo ya nne kwa mbili ina maana yake. Vinasaba vya binadamu wenyewe vinaonyesha picha ileile: tofauti kubwa zaidi ziko Afrika, na watu wa mabara mengine wote wanaonekana kuwa tawi la watu wachache waliotoka humo. Anayechota kibaba kimoja ghalani haondoki na kila aina ya nafaka iliyomo. Waliohama walikwenda na sehemu ndogo ya aina za virusi zilizokuwapo, na nyingine zilibaki na waliobaki.

Kulikuwa na aina moja iliyokaa mahali pasipotarajiwa. Inaitwa KOS, ilitoka Texas, na maabara nyingi zimeitumia kwa miongo mingi. Badala ya kuangukia katika ukoo wa Ulaya na Amerika, ilikaa pamoja na virusi vya Asia. Watafiti walikadiria kwamba iliachana na ndugu zake wa Asia takriban miaka 15,000 iliyopita, na wakapendekeza kwamba ilimfikia mgonjwa wake kupitia wenyeji wa asili wa Amerika, ambao mababu zao walivuka kutoka Siberia hadi Alaska wakati bahari ilipokuwa chini. Ni pendekezo la kuvutia. Lakini ni shahidi mmoja tu, na mtu mmoja aliyesafiri baharini karne iliyopita angeweza kuleta kirusi cha Asia hadi Texas bila kuvuka barafu yoyote; kinachozuia maelezo hayo mepesi ni tarehe ya miaka 15,000 peke yake, na habari ya tarehe tunaifikia sasa hivi.

SWALI: Mimi ndiye niliyewashutumu. Nimesoma kwingineko kwamba kirusi hichohicho cha malengelenge kina umri wa miaka 5,000 tu, kwa hiyo hakiwezi kuwa kilitoka Afrika na watu wa kwanza. Nani anasema kweli?

JIBU: Tunakushukuru kwa kurudi. Utafiti ulioutaja ulichapishwa mwaka 2022, ukiongozwa na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Cambridge na Tartu, na tofauti yake na ule wa 2013 ni kwamba haukutegemea virusi vya leo pekee. Watafiti hao walipekua sampuli za kale zipatazo 3,000, wakapata kirusi hiki katika watu wanne tu, wote kwa njia ya mizizi ya meno, kwa kuwa kirusi kikiamka mdomoni huingia katika damu inayolisha jino. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa eneo la milima ya Ural nchini Urusi aliyefariki miaka ipatayo 1,500 iliyopita. Wawili walizikwa karibu na Cambridge: mwanamke wa karne ya 6 au ya 7, na kijana wa karne ya 14 aliyezikwa katika uwanja wa hospitali ya hisani, ambaye meno yake yalikuwa yameoza vibaya hadi kutunga usaha. Wa nne alikuwa kijana wa Uholanzi aliyevuta kiko cha udongo kwa bidii, na inadhaniwa aliuawa mwaka 1672 wakati majeshi ya Ufaransa yaliposhambulia kijiji chake kando ya mto Rhine.

Umuhimu wa meno hayo manne ni kwamba umri wake unajulikana kwa njia nyingine. Ukiwa na nakala ya mwaka 1672 na nakala ya leo, unaweza kuhesabu makosa yaliyoongezeka kati yake na kupata kasi ya kirusi bila kubahatisha. Kwa kasi hiyo watafiti walikadiria kwamba aina zinazozunguka leo zilianza kutawanyika takriban miaka 5,000 iliyopita, wakati watu wa nyika za Eurasia walipokuwa wakimiminika kuelekea Ulaya. Walidokeza hata kwamba huenda desturi ya kubusiana midomo iliingia na wahamiaji hao na kukipa kirusi njia mpya. Mwaka uliofuata wataalamu wawili wengine walijibu kwamba mabamba ya udongo ya Mesopotamia yanataja busu tangu miaka 4,500 hivi iliyopita, kwa hiyo si lazima busu liwe na nchi moja lilikozaliwa. Ubishi juu ya busu tunawaachia wenyewe.

Sasa, miaka 50,000, yaani yapata wakati watu wanapodhaniwa kutoka Afrika, na miaka 5,000 haziwezi kupatanishwa kwa kusema kwamba kila mtu ana sehemu ya ukweli, na hatutajaribu kufanya hivyo. Lazima tuone tofauti inatoka wapi. Kwanza, saa ya virusi, yaani kasi ya kujikusanyia makosa ambayo kwayo tunakadiria umri, haiendi kwa mwendo mmoja. Ukipima mabadiliko ya miaka michache, yanaonekana ya haraka, kwa sababu unahesabu pamoja na makosa yenye madhara madogo ambayo bado hayajapata muda wa kuchujwa na maumbile. Ukipima ya milenia nyingi, makosa hayo yamekwisha kutupwa na mwendo unaonekana wa polepole. Anayechukua kasi ya karne chache na kuinyoosha hadi zama za mbali atapata umri mdogo kuliko uliopo. Pili, yapo makosa ya upande wa pili, na hayo ndiyo tunayoyaogopa zaidi: mtu akiiweka saa yake sawa kwa kutumia tarehe za uhamaji wa binadamu, kisha akashangilia kwamba virusi vinakubaliana na tarehe za uhamaji wa binadamu, amejizungusha na kurudi alipoanzia.

Tatu, virusi vya kundi hili hubadilishana vipande. Mtu mmoja akiambukizwa aina mbili kwa pamoja, nakala mpya inaweza kuwa na mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine, kama mnakili aliyefungua miswada miwili mezani akachukua beti huku na huku. Mti wa nasaba unachukulia kwamba kila nakala ina mzazi mmoja, na hapo hauna.

Liko pia jambo la nne ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaosoma vichwa vya habari tu. Umri wa aina zilizopo leo si umri wa ugonjwa. Kirusi cha malengelenge ya mdomoni ni cha binadamu tangu zamani mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikiweka katika ukoo wetu tangu tulipoachana na ukoo wa sokwe, yapata miaka milioni 6 iliyopita. Kama miaka 5,000 iliyopita aina moja ilienea na kuzimeza nyingine, mti wa virusi vya leo utaanzia hapo, hata kama mababu walikuwa na malengelenge maelfu ya karne kabla yake. Tukilazimika kutoa maoni yetu, tunauamini mpangilio wa matawi, yaani nani ni jamaa wa nani, kuliko tunavyoziamini tarehe zilizoandikwa kwenye matawi hayo. Katika maelezo yetu ya toleo lililopita tuliyachanganya mambo hayo mawili, na hapo ndipo tulipokosea.

SWALI: Kwa nini hawatumii mafua au korona, ambazo sampuli zake ni nyingi mno?

JIBU: Kwa sababu virusi hivyo vina haraka. Aina mpya ya mafua huizunguka dunia kwa miezi michache, ikaifuta iliyotangulia, na mwakani ikafutwa nayo. Anayeusoma mti wake atajifunza habari za usafiri wa ndege na misimu, wala hatajifunza chochote juu ya zama za kale. Kirusi cha UKIMWI kiko katikati. Hubadilika haraka, lakini hukaa mwilini maisha yote, na kwa hiyo kimehifadhi historia ya karne moja hivi. Utafiti wa mwaka 2014 uliotumia sampuli za kihistoria na za baadaye ulionyesha kwamba aina iliyoenea duniani ilianzia Kinshasa miaka ya 1920 na ikafuata reli na mito ya Kongo ya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Hiyo nayo ni safari ya watu iliyoandikwa na kirusi, ila ni ya juzi tu.

SWALI: Rafiki yangu anayesoma biolojia amenieleza kwamba wapo watafiti waliokusanya mikojo ya mataifa mbalimbali ili kujua watu walikotoka. Alikuwa ananitania?

JIBU: Hakuwa anakutania. Kirusi kinachohusika kinaitwa JC, kwa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa ambaye kilipatikana kwake, na kilitangazwa mwaka 1971. Watu wazima wengi wanacho. Hukaa katika figo kwa utulivu na hutoka na mkojo bila kuleta dalili yoyote, isipokuwa kwa wale ambao kinga yao imeporomoka, ambao kwao kinaweza kushambulia ubongo. Kwa mtafiti hii ni neema: hakuna sindano wala kisu, kikombe kinatosha. Jenomu yake nayo ni fupi, herufi 5,130 hivi zilizopangwa kwa duara, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuisoma hata kwa mashine za zamani.

Mwaka 1997 timu mbili, moja ya Japani na nyingine ya Marekani, zilichapisha matokeo yaliyovuta macho ya wengi. Aina za Ulaya, za Afrika na za Asia zilitofautiana waziwazi, na Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani walikuwa na aina inayofanana na ya Wajapani. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba watu wa asili ya Japani wanaoishi Los Angeles bado walikuwa na aina za Japani ingawa walizungukwa na majirani wenye aina nyingine. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kirusi hiki hupita ndani ya nyumba, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mara chache huvuka ua.

Kwa miaka kadhaa kirusi cha JC kilisifiwa kuwa pasipoti ya kale. Kisha mwaka 2006 wanasayansi wanne, Laura Shackelton, Andrew Rambaut, Oliver Pybus na Edward Holmes, waliuweka mti wa JC kando ya mti wa binadamu na kuupima kwa hesabu kali, na hawakupata ushahidi kwamba miti hiyo miwili iligawanyika pamoja. Mfanano wa kijiografia ulikuwapo, lakini matawi hayakufuatana kama yanavyopaswa kufuatana kwa wasafiri wa chombo kimoja, na kasi ya mabadiliko ilionekana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Funzo la kitaalamu hapa ni jembamba ila ni la maana: aina ya kirusi inaweza kukwambia mtu ni wa upande gani wa dunia bila kukwambia ni lini wala kwa njia ipi watu wake walifika huko.

SWALI: Je, imewahi kutokea watu wakahama na virusi vikakataa kuwafuata?

JIBU: Imetokea, na mfano wake mzuri zaidi ni homa ya ini ya aina B. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilichapisha jenomu 137 za kale za kirusi hicho, zilizotolewa katika mabaki ya watu wa Eurasia na Amerika walioishi kati ya miaka 10,500 na miaka 400 iliyopita. Kwa kuwa nakala za kale zilikuwa nyingi na umri wake ulijulikana, saa iliwekwa sawa kwa uangalifu kuliko ilivyowezekana kwa malengelenge. Babu wa aina zote zinazojulikana alikadiriwa kuishi kati ya miaka 20,000 na miaka 12,000 iliyopita, na aina za Amerika zilijitenga mapema, jambo linalopatana na wakati watu walipoingia katika bara hilo.

Kwa Ulaya, sura ya kwanza inakwenda kama mtu angetarajia. Wawindaji wa kale walikuwa na aina yao; wakulima walipofika kutoka upande wa mashariki walileta aina yao, na ya wawindaji ikatoweka. Lakini miaka 5,000 hivi iliyopita watu wa nyika waliingia kwa wingi kiasi cha kubadilisha kabisa vinasaba vya wakazi wa Ulaya, na kirusi hakikujali. Aina ya wakulima iliendelea kuwepo kana kwamba hakuna mgeni aliyepiga hodi. Ilidumu miaka ipatayo 4,000, kisha katika nusu ya pili ya milenia ya pili kabla ya Kristo ikaporomoka katika eneo kubwa, ikipokewa na aina nyingine, na sababu ya kuporomoka huko haijasomwa katika vinasaba. Mabaki yake pekee yanayoishi leo ni aina adimu inayoitwa G, ambayo imejitokeza tena katika miongo ya karibuni pamoja na kuenea kwa UKIMWI.

Angalia basi hatari iliyopo. Mtafiti ambaye angekuwa na virusi vya Ulaya vya wakati huo peke yake, bila mifupa ya watu wenyewe, angeapa kwamba hakuna uhamaji uliotokea miaka 5,000 iliyopita, wakati kwa hakika ulitokea mmojawapo wa mikubwa kabisa. Na mwenye malengelenge ya mdomoni peke yake, kama tulivyoona, angeapa kinyume chake.

SWALI: Maiti zilizokaushwa za zamani, je, haziwezi kumaliza ubishi?

JIBU: Huanzisha mwingine. Kipo kirusi kiitwacho HTLV-1, kilichotangazwa mwaka 1980, ambacho mama humpa mtoto zaidi kwa kumnyonyesha kwa muda mrefu. Hubadilika polepole ajabu, na sababu yake inapendeza: badala ya kujinakili chenyewe mara kwa mara, hujipachika ndani ya vinasaba vya seli nyeupe ya damu na kuiacha seli igawanyike, hivyo kinanakiliwa kwa umakini wa seli, ambao ni mkubwa kuliko wa kirusi. Nchini Japani kinapatikana zaidi kusini-magharibi, na pia kwa Waainu, wenyeji wa asili walioko kaskazini ya mbali, huku katikati kikiwa haba. Wengi wameusoma mgawanyo huo kama alama ya wakazi wa kale waliosukumwa pembeni na waliokuja baadaye.

Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba vipande vya vinasaba vya kirusi hiki vimepatikana katika uboho wa maiti iliyokauka ya Andes, kaskazini mwa Chile, yenye umri wa miaka 1,500 hivi, na kwamba vinafanana na vya Wajapani wa leo. Kama ni kweli, kirusi kilikuwapo Amerika kabla ya Columbus na kabla ya meli za utumwa. Wanasayansi wengine walijibu upesi kwamba vipande hivyo vinafanana mno na vya leo, na kwamba huenda maabara ilichafuliwa na sampuli za kisasa. Vipande vilikuwa vifupi, na mbinu za wakati ule za kutenganisha vinasaba vya kale na uchafu wa leo hazikuwa na nguvu zilizo nazo sasa. Sisi hatungejenga nyumba juu ya uboho huo.

SWALI: Nimesikia pia juu ya kijidudu cha tumboni kinachofuata uhamaji wa watu. Ni kirusi?

JIBU: Hapana, hicho ni bakteria, Helicobacter pylori, anayeleta vidonda vya tumbo. Habari yake ni nzuri, na makadirio ya mwaka 2007 yalimtoa Afrika pamoja na watu yapata miaka 58,000 iliyopita, lakini ana jenomu kubwa na tabia zake za pekee. Ametusaidia kwa jambo moja hapa: kuonyesha kwamba kiumbe kinachopita ndani ya familia kinaweza kubeba historia, kiwe kirusi au kisiwe.

SWALI: Je, mababu zetu waliambukizwa virusi na binadamu wa aina nyingine, kama Waneanderthali?

JIBU: Upo utafiti wa mwaka 2017 unaodai hivyo kuhusu kirusi cha papiloma namba 16, ambacho husababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Aina yake ya A imetapakaa Ulaya na Asia, ilhali Afrika, kusini mwa Sahara, aina nyingine ndizo zilizotawala, na hesabu zinaonyesha kwamba A iliachana na nyingine takriban miaka 500,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya watu wa sasa kutoka Afrika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba A ilikuwa ya Waneanderthali, na waliohama waliipata kwa kukutana nao kimwili. Vinasaba vya Waneanderthali vilivyomo ndani ya watu wa nje ya Afrika vinathibitisha kwamba kukutana huko kulikuwapo. Ila kirusi hiki hukaa katika ngozi na utando laini, wala hakiachi mabaki katika mifupa, kwa hiyo hakuna jino la Mneanderthali litakaloletwa mahakamani kutoa ushahidi.

SWALI: Swali langu ni fupi. Nikipimwa virusi nilivyo navyo, nitajua asili ya ukoo wangu?

JIBU: Utajua zaidi habari za waliokulea kuliko za waliokuzaa. Mtoto aliyechukuliwa akiwa mchanga na kulelewa na familia ya mbali atakuwa na malengelenge ya familia hiyo, kwa sababu ni mate yao aliyoyapata, wakati vinasaba vyake mwenyewe vitaendelea kuwa vya wazazi wake. Isitoshe, kirusi kimoja ni uzi mmoja tu katika nguo nzima. Umerithi kutoka kwa mababu maelfu, na kirusi kimekufikia kwa mkono wa mmoja.

Hata hivyo ipo kazi moja ambayo udhaifu huo unageuka kuwa faida. Wataalamu wa uchunguzi wa maiti nchini Japani wamekuwa wakitafuta kirusi cha JC katika figo na mkojo wa maiti zisizotambulika, kisha wanakilinganisha na aina zinazojulikana za sehemu mbalimbali za dunia. Kwa kuwa kirusi hiki huingia mapema katika maisha na kubaki humo, wanapata dokezo la eneo ambalo huenda marehemu alikulia, na polisi wanajua waanzie upande gani kutafuta jina lake.